Nywele Nilizoshuka Nazo Same

Ninyi vijana mtakaosoma maneno haya, mliomaliza shule na sasa mnangoja kuitwa usaili, ninawaandikia ninyi. Shule yangu mimi iliishia darasa la nne, kwa mwalimu wa misheni, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nitasema kama ninavyosema nyumbani kwangu. Asiyependa kuambiwa ukweli na mwanamke mzee aishie hapa, akafanye mambo yake.

Ninawaona mnavyofanya. Mtu akiitwa kwenda kuulizwa kazi, nyumba nzima inahangaika na kichwa. Wa kike anakwenda saluni anarudi na rasta zinazofika kiunoni, au wigi linalomfanya ageuze mwili mzima akiitwa jina. Wa kiume ananyoa pembeni anaacha kishungi katikati kama jogoo aliyetoka kupigana. Kisha mnakuja kusimama mbele yangu na kuniuliza, "Bibi, nimependeza?" Mwanangu, kupendeza ni kwa arusi. Niulize jambo jingine.

Siku niliyoshuka Same kutafuta kazi naikumbuka tangu kulipopambazuka. Zilikuwa enzi za Mwingereza, bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, yuko bomani, na sisi wa milimani tulishuka tambarare kuuza ndizi au kwenda barazani, basi. Kwetu ni Upareni, juu ya kijiji cha Mwembe, mahali ambapo ukungu hukaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Jumapili moja mwinjilisti alitangaza kanisani kwamba kliniki ya kina mama na watoto kule Same inatafuta wasichana wanaojua kusoma na kuandika. Kazi yao kupima watoto uzito, kuandika majina, kukaa mezani mlangoni na kuwapokea watu. Anayetaka aende akaangaliwe. Mimi niliposikia hivyo sikusikia tena mahubiri wala wimbo wa kufunga.

Baba hakutaka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishasema amesema. Nilimsumbua, mama naye akamsumbua kwa upande wake, mpaka siku moja shambani akasimamisha jembe akaniita.

"Namkunda. Nenda mara hii moja. Wakikuchukua, wamekuchukua. Wakikukataa, utarudi kushika jembe, na neno la kazi ya Same nisilisikie tena katika nyumba hii."

"Nimesikia, baba."

"Umesikia, au umenyamaza?"

"Nimesikia."

Uelewe basi, mwanangu. Ninyi mkikosa hapa mnapeleka maombi pengine, mkikosa pengine mnajaribu Moshi, mnajaribu Dodoma. Mimi mlango wangu ulikuwa mmoja, na ukifungwa umefungwa.

Nilikuwa na rafiki yangu, Nakiete. Huyu alikuwa amekaa Moshi kwa dada yake msimu mzima wa mahindi, na aliporudi hatukuweza kumwambia kitu, kila jambo analijua. Akanitazama kichwani akacheka. Nilikuwa nimesukwa mistari ya kawaida inayokwenda nyuma, ile mnayoiita twende kilioni. Mama ndiye aliyenisuka, kama alivyotusuka sote.

"Ukienda na hicho kichwa watakupeleka jikoni ukachambue mchele," akasema.

"Kwani wanaangalia kichwa?"

"Sasa waanze na nini, magoti? Kule Moshi nimemwona msichana wa ofisini, nywele amezisimamisha hivi," akainua viganja juu ya paji la uso wake, "na njia imepita hapa pembeni. Hizo ndizo nywele za ofisini. Na huyo msichana hata salamu yangu hakuitikia."

Kutoitikia salamu ndiko kulikomaliza ubishi wangu. Niliona huyo kweli ni mtu mkubwa. Ujinga wa ujana ndio huo, unaweza kudhani kiburi ni cheo.

Nakiete akanifumua, akanichana kwa kitana cha mti mpaka machozi yakanitoka. Lakini nywele zetu hizi ukizichana zinasimama kidogo, kisha zinarudi kukaa zinavyotaka zenyewe. Akasema dawa yake ni mafuta. Ya dukani hatukuwa nayo. Tuliyokuwa nayo ni mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo kule kwetu tulijipaka miguuni na mikononi wakati wa baridi, na kila nyumba ilikuwa na kibuyu chake. Akayayeyusha motoni, akachanganya na masizi ya chungu ili nywele ziwe nyeusi tii, akanipaka na kuzijenga juu kwa mikono miwili kama mtu anayekandika ukuta. Kisha akanipeleka nje nikakae penye ukungu.

Baridi ya kwetu ikafanya kazi yake. Mafuta yakaganda, kichwa kikasimama kigumu kama kimechongwa, njia imenyooka pembeni. Ungekigonga kingelia. Mama akanizunguka pande zote akasema, "Mh." Wadogo zangu wakataka kugusa nikawafukuza. Hata baba alipotoka zizini akasimama, akatazama, akasema nimefanana na mke wa mwalimu. Kwa baba yangu hiyo ilikuwa sifa kubwa, na nililala kifudifudi nisiiharibu.

Kosa letu mmeliona? Najua hamjaliona, kwa sababu nanyi mngefanya vilevile. Kichwa tulikitengeneza juu, kwenye baridi, na kazi ilikuwa chini, kwenye jua.

Niliteremka asubuhi na kina mama wa ndizi. Nilivaa gauni langu jeupe la marikani, alilonishonea mama kwa ajili ya kazi hiyo, kwa sababu nilitaka Same inione nikiingia. Huko juu kwenye ukungu mambo yalikuwa mazuri. Tulipofika chini ukungu ukabaki nyuma yetu, na jua la tambarare likanipokea utosini. Kwanza nikasikia kitu kinatembea nyuma ya sikio. Nikadhani jasho. Nikafuta, nikatazama mkono, mweusi.

"Nani anachoma nyama?" akauliza mama mmoja aliyekuwa mbele yetu na mkungu kichwani.

"Hakuna anayechoma," akajibu wa nyuma yangu. "Ni kichwa cha Namkunda kinaiva."

"Basi tusimwache mbali. Kikishaiva tugawane."

Wakacheka mpaka wakatua mizigo. Mimi natazama mbele, shingo imekakamaa, naona haya na hasira. Tukapishana na wachungaji wa Kimasai wakipeleka ng'ombe kwenye maji. Mbwa wao mmoja akawaacha ng'ombe, akanifuata mimi. Nikimfukuza, anakaa. Nikitembea, anatembea. Mchungaji akamwita kwa Kimasai, mbwa hakujua tena lugha hiyo. Ikabidi mwenyewe aje amkamate, na alipofika karibu yangu akanusa, akanitazama kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kuuliza huyo kondoo nimemwacha wapi. Kisha likapita lori la mkonge likatumwagia vumbi, na upepo wa Same, mnaujua, haujui kupumzika, ukamalizia lililobaki. Vumbi lote la njia ile likapata pa kushika.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa na mtu wa reli na alikaa pale Same. Kwake ndiko nilikokuwa nifikie, kwa kuwa kliniki walituambia twende kesho yake asubuhi. Nikamkuta uani anaanika mtama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usiingie." Akanizunguka kama mama alivyonizunguka, lakini huyu hakusema "mh". "Umekuja kuomba kazi kliniki, au umetumwa buchani?"

"Ni mtindo, shangazi. Ni nywele za ofisini."

"Za ofisi gani? Ya inzi?"

Nikaanza kulia. Nikamweleza habari za Nakiete, na Moshi, na msichana asiyeitikia salamu. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anageuza mtama wake.

"Huyo Nakiete kesho naye anaulizwa kazi?"

"Hapana."

"Basi kichwa cha Nakiete kimebaki kwao. Hiki ni chako. Sasa nisikilize. Kesho utapewa mtoto wa mtu umshike. Mtoto ana homa, mama yake anatetemeka kuliko mtoto. Unainama umtazame, na mafuta ya kondoo yanamdondokea jichoni. Mama huyo atakuletea mtoto wake wa pili?"

Nikatazama mtama.

"Nakuuliza, atakuletea?"

"Hataleta, shangazi."

"Wewe umetengeneza kichwa cha kutazamwa. Wenzako wa kliniki wanatafuta mtu wa kuwatazama watoto."

Mwanangu, maneno hayo yalinichoma kuliko lile jua, na nayakumbuka kama alivyoyasema, uani pale, mikono yake ina vumbi la mtama.

Akaleta maji. Maji ya Same wakati ule hayakuwa ya kumwaga hovyo, yalichotwa mbali na kubebwa kichwani, na shangazi alitumia hata yale ya kupikia. Akayachemsha, akanisugua kwa majivu na sabuni ya mche, akasuuza, akasugua tena. Masizi yakatoka. Vumbi likatoka. Mafuta yalikataa kutoka kwenye ncha, yakazifunga nywele mafundo mafundo, na kila aliposhika fungu ili asuke lilimteleza vidoleni kama bamia. Na harufu ilikuwapo bado, sasa ni ya kondoo aliyeoga. Shangazi akaingia ndani, akatoka na mkasi wake wa kushonea.

Nikaruka. "Shangazi, usininyoe! Nikirudi nyumbani nimenyolewa watalia kabla sijafika!"

Ninyi wa siku hizi hamwelewi hofu yangu. Upareni wakati ule mwanamke alinyoa kichwa akifiwa. Ukimwona mwanamke ana upara njiani hukuuliza mambo, ulimpa pole kwanza, halafu ndipo uliuliza ni nani. Msichana mzima kwenda kuulizwa kazi na upara ilikuwa sawa na kubeba jeneza mlangoni mwa watu.

"Nani kasema nakunyoa?" akasema shangazi. "Kunyoa ni wembe, huu ni mkasi. Nakupunguza. Kaa chini, na usitikisike, sikio halioti tena."

Akakata sawasawa pande zote, zikabaki fupi, zimelala, zimekizunguka kichwa vizuri. Sikuwa na kioo, nikapapasa kwa mkono nikajiona nimekuwa mdogo, nimekuwa si kitu. Nilidhani ameniachia nikae nihuzunike. Wapi.

"Haya, fanya kazi."

"Kazi gani?"

"Zote."

Akanifagilisha ua na upepo ule. Akaniinamisha nipulize moto. Akanitwika ndoo, akanitua, akanifunga kitambaa kichwani, akanifungua, akanipa mtoto wa jirani nimbebe mgongoni, na yule mtoto alikuwa wa kuvuta kila anachokiona. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama akaniita.

"Tangu nilipokukata, umekishika kichwa chako mara ngapi?"

Nikafikiri. "Sijakishika."

"Umekikumbuka?"

"Nimekisahau, shangazi."

"Hizo sasa ndizo nywele za ofisini."

Gauni alilifua, lakini ukosi ulikuwa umeshika weusi. Akaufumua, akaugeuza ndani nje, akaushona upya kwa mkono. Ukitazama haraka huoni kitu.

Asubuhi nilikuta wasichana wengine barazani pa kliniki. Mmoja ametoka Gonja, mwingine Usangi, wengine wa Same penyewe. Nilipoviona vichwa vyao roho ikaniruka. Kuna aliyezifunga nywele kwa nyuzi nyeusi, zimesimama kama miiba ya nungunungu, zinapendeza kweli. Kuna aliyezisimamisha kama zangu za jana, ila yeye kwa mafuta ya dukani yanayonukia waridi. Mimi pale nilikuwa kama kifaranga kilichonyeshewa. Lakini nikaona jambo. Upepo ulikuwa unavuma, na kila mmoja mkono wake ulikuwa juu. Huyu anashikilia, huyu anarudisha, huyu anabonyeza. Mikono yangu ilikuwa mapajani.

Muuguzi mkuu aliitwa Bibi Rehema, mwanamke wa Tanga, mrefu, viatu vyake vyeupe havijui vumbi. Memsahibu daktari, mwanamke wa Kizungu, alikaa pembeni anatazama, lakini mwenye kuuliza alikuwa Bibi Rehema. Kila msichana alisomeshwa kidogo, akaandikishwa kidogo, kisha akavishwa kofia ya kazi na kupewa mtoto kutoka kwa kina mama waliokuwa wamekaa kwenye benchi, ampime kwenye mizani. Yule wa nyuzi alisoma vizuri kuliko sisi sote, sisemi uongo, alisoma kama maji. Lakini kofia ilikaa juu ya zile nyuzi kama ndege juu ya nguzo, na alipoinama ikaanguka ndani ya mizani, na mtoto akaiokota akaanza kuitafuna. Kina mama wakacheka. Bibi Rehema hakucheka.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma kwa kusitasita, nikaandika, nikavaa kofia ikakaa. Nikampokea mtoto mmoja mnene, nikampima, nikasoma uzito, nikamrudisha kifuani kwangu kwa sababu alikuwa ameanza kunung'unika. Bibi Rehema akanitazama kichwani.

"Umefiwa?"

"Sikufiwa, bibi."

"Nywele zako zimekwenda wapi?"

Nikamwambia kama ilivyokuwa, kondoo, masizi, jua, mbwa, mkasi wa shangazi. Memsahibu alijua Kiswahili cha kutosha, akauliza, "Mbwa alifuata mpaka wapi?" Nikamwambia mpaka mwenyewe alipokuja kumkamata. Akageuza uso dirishani, mabega yanamtikisika. Bibi Rehema alingoja amalize.

"Sikiliza, binti. Mimi nilikofundishwa kazi wasichana wote walinyoa kwa wembe. Chawa hakai, kidonda hakifichiki, sabuni haipotei. Na hapa nataka iwe hivyo. Utanyoa?"

Hapo, mwanangu, nilimsikia baba yangu kama amesimama nyuma yangu na jembe lake. Neno "ndiyo" lilikuwa hapa mdomoni. Ningelitoa, kazi ningeipata, na nywele si zitaota? Lakini nilikuwa nimeshika mtoto wa Kipare, na mbele yangu kuna benchi lililojaa wanawake wa kwetu, walioamka alfajiri kushuka mlimani.

"Fupi hivi nitakaa nazo siku zote, bibi," nikasema. "Upara sinyoi, labda nifiwe."

"Kichwa chako ni bora kuliko kazi?"

"Hapana, bibi. Ni hawa kina mama. Wakimkuta msichana wa mlangoni ana upara watajua kliniki ina msiba. Mwingine atageuka na mtoto wake hajapimwa. Mwingine atakaa kunipa pole mimi, hataniambia mtoto anaumwa nini."

Yule mama niliyemshikia mtoto akasema kutoka kwenye benchi, "Mimi hata hivyo alivyo, nilipoingia nilishampa pole moyoni."

"Hata mimi," akasema mwenzake. "Nilikuwa nangoja akae nimwulize ni baba au ni mama."

Benchi zima likacheka, na mtoto akacheka kwa kuwa wamecheka. Bibi Rehema alinitazama kwa muda mrefu. Sikujua nitazame wapi, nikamtazama yeye.

"Una mdomo," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mdomo utaufunga kazini mpaka uulizwe. Nywele utazikata hivi hivi, na kila Jumatatu kabla hujashika mtoto nitakipitia hicho kichwa mimi mwenyewe. Habari ya wembe tuiache kwanza. Vua kofia, ni mali ya kliniki. Utaikuta Jumatatu."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Na ule wembe haukuja kutajwa tena kwa miaka yote niliyofanya kazi pale. Baadaye sana, tumeshazoeana, nilimwuliza Bibi Rehema kwa nini alinichukua mimi nisiyejua kusoma haraka. Akasema, "Ulikuwa unanikatalia mbele ya watu, na unaogopa, nilikuona. Lakini mikono yako ilikuwa imetulia kwa mtoto. Wenzako niliwauliza mambo mepesi, mikono ikaenda kichwani."

Nilipopanda kwenda kuaga nyumbani, mama aliniona kwa mbali na kile kichwa changu, akatupa kikapu akaanza kulia, "Nani? Ni nani?" Nikapiga kelele kutoka bondeni, "Hakuna aliyekufa, mama! Nimepata kazi!" Majirani walikuwa wameshatoka na khanga zao za kilio, wakarudi wananung'unika. Baba akanitazama kichwani kwa makini.

"Hao waliokuchukua, wamekuona hivyo ulivyo?"

"Wameniona, baba."

"Basi nenda."

Sasa nawaambia ninyi. Nimekaa kwenye meza ile ya mlangoni miaka mingi, na mwishoni mimi ndiye niliyekuwa nikiwaangalia wasichana wapya. Msije mkasema Bibi kasema tukate nywele. Sikusema. Nimewachukua waliosukwa, nimewachukua waliokata, na mmoja alikuwa na nywele ndefu za kwake mwenyewe amezibana nyuma, hakuna aliyemzidi kazi. Wala asiwadanganye mtu kwamba nywele zetu zilivyoota ni uchafu mpaka zinyooshwe ndipo ziingie ofisini. Uchafu ni uchafu, uwe kwenye nywele zilizonyooka au zilizosokotana. Zioshe, zikauke, zikae. Kinachonuka, hata kama ni waridi, kikimfika mtu kabla ya salamu yako kimeshakuharibia salamu.

Mjue mnakokwenda. Kichwa kinachokaa vizuri kwetu kwenye ukungu hakikai Same, na cha Same hakikai Dar es Salaam kwenye jasho. Msijaribu jambo jipya asubuhi ya kuitwa; mtindo ambao hujalala nao huujui. Na msiniletee habari za rafiki aliyeona Moshi. Rafiki haulizwi kazi. Wavulana nanyi, hicho kishungi kiondoeni, na ndevu kama mnazifuga zifugeni, kama mnazinyoa zinyoeni, zisiwe kama shamba lililolimwa nusu mvua ikaingia. Ukikaa mbele ya watu wakuulize, unataka wakusikie. Mkono ukienda kichwani, macho yao nayo yanaufuata, na maneno yako yanabaki hewani peke yake.

Na mkiambiwa mfanye jambo la kichwani ambalo kwa watu wenu lina maana nyingine, semeni. Kwa adabu, kwa sababu inayoeleweka, mkimtazama mtu machoni. Huenda mkakosa kazi. Mimi ningeweza kukosa, na baba yangu hakuwa mtu wa kubadili neno. Lakini mtu anayekuajiri akijua tangu siku ya kwanza kwamba una neno lako na unalisema bila matusi, atakuheshimu siku zote utakazokaa naye.

Mungu awafungulie milango, wanangu, na mkiingia awape utulivu wa mikono na wepesi wa akili. Awakutanishe na wakubwa wanaouliza kabla ya kuamua. Wenye shangazi wa kuwaambia ukweli awaachie hao shangazi muda mrefu, na wasio nao awape wa kuazima.

Hapa kwangu nimeshawaambia wote, wakubwa kwa wadogo, na sikuomba maoni ya mtu: yeyote wa nyumba hii akiitwa usaili, kichwa kiwe tayari siku moja kabla, na siku hiyo nzima apewe kazi za nje, juani. Asionewe huruma.